Resident Evil 4 ya 2005: nimeimaliza, safari hii nikiwa na pa kusevu

Kibandani tulikokuwa tunacheza PS2 hapakuwa na memori kadi ya kusevu, yaani kuhifadhi ulipofika. Unalipia nusu saa, unaanza Resident Evil 4, gemu la kutisha, mwanzo, muda ukiisha unaachia pedi. Kesho unaanza tena mwanzo. Kile kijiji cha Wahispania nikakijua kuliko mtaa wetu: ingia nyumba ya ghorofa, sukuma kabati mlangoni, panda juu uchukue shotgani, halafu sikiliza msumeno wa injini unavyonguruma huko chini. Mbele ya hapo nilikuwa nasikia hadithi tu.

Mwaka huu nimenunua gemu hilohilo la zamani kwa ajili ya PS4, si lile lililotengenezwa upya 2023, nikalimaliza. Likanipeleka kumfuatilia aliyeliongoza, Shinji Mikami.

Jamaa aliingia Capcom, kampuni ya Japani inayotengeneza magemu haya, mwaka 1990, akaanzia kwenye vitu vya watoto kama Aladdin na Goof Troop. Ndipo 1996 ikaja Resident Evil ya kwanza. Mle ndani kusevu kunataka utepe wa taipureta, na tepe zenyewe ni za kuhesabu. Nilicheka peke yangu. Kumbe mwenye kibanda chetu alikuwa mwanafunzi wa Mikami bila kujijua!

Ya pili, 1998, alibaki prodyuza, uongozi ukaenda kwa Hideki Kamiya. Ya nne ilisumbua. Matoleo kadhaa yalianzwa yakaachwa, na moja likageuka kuwa Devil May Cry ya 2001. Mwishowe Mikami akaishika mwenyewe, na kazi ya kwanza ilikuwa kubomoa nyumba aliyoijenga: kamera zilizogandishwa kwenye pembe za chumba zikaondoka, ikaja moja nyuma ya bega la Leon, yule unayemchezesha.

Ila ukiinua bunduki, miguu inaganda. Utembee au upige, chagua moja. Zamani nilidhani pedi ni mbovu, na tuligombana na mwenye kibanda kwa hilo (shikamoo ulipo, mzee, haikuwa pedi). Sasa naona hofu yote imekaa hapo. Watu wanakuja polepole, mmoja ameshika uma wa majani, na wewe umesimama kama nguzo unatafuta kichwa cha kupiga.

Nilichofurahia kuliko vyote ni mkoba. Kila kitu kinachukua nafasi yake, basi nilikuwa natumia dakika nzima kugeuza bastola ili samaki na mayai vienee. Na yule muuza silaha mwenye koti jeusi anatokea hata mahali ambapo hakuna njia ya kufika.

Kero? Ashley, bila shaka, yule binti wa rais ambaye Leon ametumwa kumwokoa: kumlinda kunachosha. Pia zile sehemu za kutazama zinazodai ubonyeze kitufe ghafla: unaweka pedi chini unywe chai, Leon ameshakufa.

Baada ya Capcom alitengeneza Vanquish ya 2010, mwaka huohuo akaanzisha studio yake, Tango Gameworks, akaiacha 2023. Kutoka huko nimechukua The Evil Within ya 2014, ambayo aliiongoza mwenyewe. Humo maiti inachomwa kwa kiberiti isije ikaamka. Kwa sasa nina njiti mbili, na sakafuni wamelala watatu.