Huduma kwa vijana walionusurika dhuluma Mombasa: siku ya kwanza nzuri, wiki ya tatu mashaka

Siku ya kwanza ya huduma tunaipa alama nne kwa tano. Wiki ya tatu tunaipa mbili, na hapo tumeona muhali.

Tunachopima si hospitali peke yake bali mnyororo mzima: hospitali, dawati la jinsia la polisi, afisa wa watoto, mhudumu wa afya wa mtaani, shule na madrasa. Kitovu chake ni kituo cha manusura katika Hospitali ya Coast General, kilichoanzishwa 2007 pamoja na shirika la afya ya uzazi la ICRH Kenya. Si lazima kijana apitie polisi kwanza. Aende hospitali; OB, ile namba ya kitabu cha matukio cha polisi, itafuata.

Saa ndizo zinazoamua. Dawa ya kuzuia HIV ianze kabla ya saa 72 kupita, ya kuzuia mimba kabla ya saa 120, na zikiwahiwa ndipo zinapofanya kazi vizuri. Asioge. Nguo zitiwe mfuko wa khaki, maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaoza humo humo. Fomu ya PRC, anayojaza daktari baada ya kumpima aliyebakwa, hutoka nakala tatu, za polisi, mgonjwa na hospitali. Msiondoke bila yenu. Isomeni kabla ya kutoka: ikiwa imeandikwa "ameumia" tu, bila kusema wapi na jeraha lina ukubwa gani, P3, fomu ya polisi ya ushahidi wa daktari, itakayojazwa kwa kuitazama itakuwa dhaifu vile vile.

Halafu zinaanza siku 28 za vidonge vya kuzuia HIV, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika chumba kimoja cha Kisauni chenye watu sita, chupa ikitikisika kila mtu anasikia, na jirani anaijua chupa ya ARV, dawa za HIV, kwa macho. Mshauri mzuri hulizungumza hili siku ya kwanza: pamba kidogo ndani ya chupa isilie, kidonge baada ya chakula cha usiku kupunguza kichefuchefu, na mtu mzima mmoja tu nyumbani anayejua. Akipewa chupa na tarehe ya kurudi pekee, usishangae akiacha njiani.

Ushauri nasaha nao hukwama kwa nauli. Kuvuka feri ya Likoni kwa miguu ni bure, lakini matatu ya kutoka Mtongwe si bure, na mama aliyeacha meza yake ya viazi karai hakuna anayemlipa siku hiyo. Ndiyo maana tunapendelea vikao vishuke mtaani. Utafiti uliofanywa Moshi na Bungoma kwa watoto waliofiwa na wazazi ulitumia vikao 12 vya kikundi, vikiendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Neno zito hapo ni kusimamiwa. Mafunzo ya siku tatu na cheti ukutani hayatoshi: mwendeshaji asiye na msimamizi humsukuma mtoto asimulie yote siku ya kwanza, mbele ya wenzake, na wiki inayofuata mtoto haji.

Chumba cha madrasa au cha kanisa kinafaa sana, kwa sababu hakuna anayeuliza mtoto anaenda kufanya nini huko. Kikundi chenyewe msikiite cha waliobakwa. Kiiteni cha ushonaji, cha mpira, chochote.

Wavulana ndio tundu kubwa. Mwenye jeraha la panga hushonwa, hufungwa bendeji, hurudi kwake, na haulizwi kama analala usiku.

Doa jingine ni muhali wenyewe, kule kuoneana haya. Mzee wa mtaa anayemsindikiza mtoto hospitali ndiye pia anayeweza kuitisha kikao cha kumaliza maneno nyumbani, kisha shahidi akahamishiwa kwa bibi yake Kwale. Mkichagua mshirika mtaani, mwulizeni waziwazi atafanya nini mshukiwa akiwa ni mjomba.

Kabla ya kutoka hospitali, takeni jina la mtu atakayepiga simu siku ya 7, si kadi tu. Asipopiga, 116 ni ya watoto na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote bila malipo.