BAL (Basketball Africa League, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika): misimu mitano naifuatilia, haya ndo maoni yangu

Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyobana ntaisema huko chini.

Nilianza nayo 2021 ile ya Kigali, timu 12, Zamalek ya Misri wakabeba (ilikua ianze 2020 Dakar, korona ikavuruga kila kitu). Nikawa naangalia kwenye simu tu, bando inakata dakika za mwisho, mpaka 2024 nikajichanga nikaenda mwenyewe fainali BK Arena kule Kigali, Petro de Luanda ya Angola wakawafunga Al Ahly Ly ya Libya 107-94, na aisee simu haikupi kile kitu. Nilikaa juu kabisa lakini milio ya raba kwenye sakafu ilikua inanifikia, na kipenga cha mwisho kilipolia kuna mama mmoja pembeni yangu kajifunga bendera ya Angola akaanza kulia, kwikwi kabisa, maana hapo ndo mara ya kwanza kombe linashuka kusini mwa Sahara, nikajikuta na mimi machozi yananilengalenga.

Watu wanawasifia NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) na FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) kwa kuianzisha, sawa, ila mimi maua yangu nampa rais wake, Amadou Gallo Fall. Msenegali huyu alianza na watoto, 1998 kaanzisha akademi ya SEED kwao, dogo anasoma huku anacheza, Gorgui Dieng aliyefika NBA katokea humo humo, na huku yeye bado anasaka vipaji kwa ajili ya Dallas Mavericks, timu ya NBA. 2010 NBA wakampa kazi ya kuwasimamia Afrika, akafungua ofisi Johannesburg, 2019 ndo akakabidhiwa BAL. Na ukiangalia mechi unaona kabisa hii ligi kaishika mtu wa watoto, kuna mpango wao wa BAL Elevate, kila timu inapewa kijana mmoja wa akademi ya NBA kule Saly, Senegal, acheze na wakubwa. Khaman Maluach, dogo wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, 2024 kavaa jezi ya City Oilers ya Uganda, 2025 kachaguliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya!

Sasa ile nyota. Mechi ni chache mno jamani. Nairobi City Thunder wamefuzu 2025, timu ya kwanza kabisa ya Kenya, tumeshangilia wiki nzima, mechi 6 za kundi wakarudi nyumbani, na nyingine ni mpaka msimu unaofuata tena kama watafuzu. Mzee Fall, tuongezee hata mechi 4 tu.