Kozi ya takwimu ya wiki 8 mtandaoni: nilichokipata na nilichokikosa

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya misingi ya takwimu, nayo hutolewa na jukwaa ambalo sitalitaja jina, kwa kuwa kasoro nilizozikuta zimezagaa katika huduma za aina hii na si haki mmoja abebeshwe mzigo wa wote. Ni kozi ya wiki 8 inayofundishwa kwa video, majaribio mafupi mwishoni mwa kila somo, na kazi moja kubwa ya mwisho ambayo wanafunzi husahihishana wenyewe kwa wenyewe. Nimeimaliza, na cheti ninacho.

Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaofika mwisho ni wachache mno. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua kumbukumbu za kozi za wazi za mtandaoni za MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, kuanzia mwaka 2012 hadi 2018, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi kuingia darasani kabisa, na kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017–18 waliomaliza walikuwa takribani 3 katika kila 100. Kwa hiyo msomaji asiyachukue maoni yangu kuwa ya mwanafunzi wa kawaida. Mwanafunzi wa kawaida wa kozi hizi ni yule aliyejiandikisha usiku akiwa na ari tele, na kulipokucha akawa ameshasahau nenosiri.

Nianze na lililo jema. Mhadhiri anaijua kazi yake, na baadhi ya masomo yake ni mepesi kueleweka bila kupoteza uzito. Katika wiki ya pili anaandika ubaoni namba 9: 2, 3, 3, 4, 5, 5, 6, 7 na 10. Wastani wake ni 5, na namba inayokaa katikati ni 5 vilevile. Kisha anaifuta 10 na kuandika 100 mahali pake, ananyamaza kidogo, halafu anamwomba mwanafunzi akokotoe upya. Wastani unaruka hadi 15, ilhali namba ya katikati haijatikisika. Nilikuwa nimesoma jambo hilo vitabuni mara kadhaa, lakini ni hapo nilipoelewa kwa nini mtu anayetaka kueleza kipato cha watu wengi huwa hatumii wastani peke yake.

Tatizo ni kwamba masomo mazuri kama hilo yamefunikwa na video za dakika 20 au zaidi, ambazo ni mhadhara wa kawaida wa ukumbini uliorekodiwa na kupandishwa mtandaoni. Hakuna anayeweza kudai kwamba jambo hili halikujulikana. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaonyesha kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, watazamaji kwa kawaida hawadumu nayo zaidi ya dakika 6 hivi. Mimi mwenyewe, ingawa nilikuwa nimedhamiria, nilijikuta mara nyingi nikiharakisha mwendo wa video na kusikiliza kwa sikio moja.

Lakini video si kiini cha malalamiko yangu. Kiini ni mazoezi, na hapa nitakaa kidogo. Majaribio ya kozi hii ni ya kuchagua jibu, maswali 5 kila somo, na mwanafunzi anaruhusiwa kurudia mara nyingi apendavyo bila maswali kubadilika wala majibu kupangwa upya. Katika somo la sampuli, yaani kikundi kidogo kinachochukuliwa kuwakilisha watu wote, nilikosa maswali 3, nikabahatisha mengine, nikakosa 1, nikabahatisha tena, nikapata yote. Jukwaa likanipongeza kwa nyota na rangi za kumeremeta. Siku mbili baadaye mdogo wangu aliniuliza kwa nini sampuli kubwa iliyochaguliwa vibaya inaweza kupotosha kuliko ndogo iliyochaguliwa vizuri, nikaishia kubabaika.

Maswali machache ya kujaza jibu yana udhia wa namna nyingine. Niliandika 3.50 nikaambiwa nimekosa. Jibu sahihi, kwa mujibu wa mashine, lilikuwa 3.5. Na pale nilipokosa kwelikweli, nilichoambiwa ni kwamba nimekosa tu, pasipo kuonyeshwa ni hatua ipi niliyoteleza. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alikusanya tafiti zilizolinganisha wakufunzi wa kibinadamu na programu za kufundishia, na tofauti aliyoikuta inanisaidia kueleza ninachomaanisha: programu zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua zilikaribia kabisa kumfikia mkufunzi wa ana kwa ana, ilhali zile zinazotazama jibu la mwisho tu ziliachwa mbali. Kwa hiyo siilaumu mashine kwa kuwa mashine. Naulaumu uvivu wa walioiagiza.

Utafiti mwingine unaoifanya kasoro hii iwe nzito ni ule wa Kenneth Koedinger na wenzake wa mwaka 2015, uliofanywa kwa wanafunzi wa kozi ya mtandaoni ya saikolojia. Walipima uhusiano kati ya matokeo ya mwanafunzi na yale aliyoyafanya katika kozi, wakakuta kwamba uhusiano wa kufanya mazoezi ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 6 kuliko ule wa kutazama video au kusoma kurasa. Sasa mtu akiitazama kozi hii kwa jicho hilo, anaona kwamba nguvu, vifaa na umaridadi vyote vimemiminwa kwenye video, na mazoezi yakaachiwa makombo.

Kilichoniokoa hakikuwa sehemu ya huduma. Ukumbi wa majadiliano wa kozi ulikuwa umepoa. Swali nililoliweka wiki ya tatu bado linasubiri jibu. Basi mimi na wanafunzi wenzangu wawili tulikubaliana kupigiana simu kila Jumamosi jioni kwa nusu saa, kila mmoja akieleza somo moja bila kutazama daftari. Aliyekwama aliulizwa, na aliyedhani amelielewa somo aliumbuka mapema. Utaratibu huo mdogo unanikumbusha jaribio lililofanywa Botswana mwaka 2020 wakati shule zilipofungwa: familia zilizotumiwa ujumbe mfupi wa hesabu na pia kupigiwa simu kila wiki kwa takribani dakika 20 zilipata maendeleo ya kupimika, na ujumbe mfupi peke yake haukuleta tofauti ya kuaminika. Simu ni chombo cha zamani, lakini upande wa pili kuna mtu anayesubiri jibu lako.

Kuhusu kazi ya mwisho nitasema machache. Nilisahihishwa na watu watatu: wawili waliandika neno moja moja, na wa tatu aliandika aya nzima yenye manufaa kuliko mrejesho wote nilioupata katika wiki 7 zilizotangulia. Ni bahati nasibu.

Je, naipendekeza? Kwa mtu aliyewahi kusoma takwimu na anataka kujikumbusha, ndiyo, na anaweza kuruka video za wiki ya kwanza, ya tano na ya sita bila hasara. Kwa anayeanza kabisa na asiye na mwenzake wa kusoma naye, hapana, angalau kwa hali ilivyo sasa. Atakayejisajili hata hivyo ajaribu kwanza kufanya jaribio la kila somo kabla ya kufungua video, aandike majibu yake karatasini pamoja na sababu, na alirudie jaribio hilo baada ya siku 7 badala ya dakika 7. Mimi nilianza kufanya hivyo katika wiki ya sita, na alama zangu za mara ya kwanza zilishuka mno, jambo lililonifadhaisha hadi nilipotambua kwamba zile za awali hazikuwa zangu.