Vijitabu vya watakatifu hapa Moshi: cha Elizabeti chukueni, cha Katarina subirini kwanza

Kwa wanaotafuta maisha ya watakatifu kwa ajili ya watoto wa kipaimara, kuna duka la vitabu na visakramenti hapa Moshi mjini limeleta vijitabu vinne, Fransisko wa Asizi, Antonio wa Padua, Elizabeti wa Hungaria na Katarina wa Siena, kila kimoja buku tatu. Nimevisoma vyote.

Cha Elizabeti ndo bora, na sisemi hivyo kwa sababu ni somo wangu. Wengi tunamjua kwa ile stori ya mikate kugeuka maua ya waridi, basi, tunaishia hapo. Hiki kimeenda mbele, kinaeleza kwamba alikufa 1231 akiwa na miaka 24 tu, na kabla hajatangazwa mtakatifu 1235 walihojiwa wanawake wanne waliokuwa wakimhudumia, wakasema walichokiona kwa macho yao, na stori ya waridi haimo kwenye maelezo yao, ilikuja baadaye. Mwandishi kalisema hilo wazi bila kumdharau anayeipenda. Na kinachobaki ndo kizito jamani! Binti wa mfalme, mumewe kafia njiani 1227 akienda vita vya msalaba, yeye ana miaka 20 na mimba ya mtoto wa tatu, baadaye mali aliyopata anajengea hospitali kule Marburg, Ujerumani, halafu anaingia mwenyewe kuosha wagonjwa. Wale wasaidizi aliwakataza kumwita kwa cheo, wamwite Elizabeti tu, na alikula nao sahani moja. Hapo kwenye sahani nilipasoma kwenye jumuiya yetu, kina mama wakaniambia rudia.

Cha Antonio nacho kizuri. Sala ya vitu vilivyopotea ipo mwishoni, ila kwanza unajua kwamba alizaliwa Lisbon akiitwa Fernando, akawa mtawa wa Mt. Augustino, na zilipoletwa Coimbra maiti za Wafransisko watano waliouawa Moroko mwaka 1220 akaguswa mpaka akahamia shirika lao. Alikufa Juni 1231, na Mei 1232 ashatangazwa mtakatifu, yaani hata mwaka haujaisha. Cha Fransisko ni cha kawaida, maandishi madogo mno, wazee watapata shida.

Sasa cha Katarina wa Siena hapana kwa kweli. Kwenye kava kuna msichana na gurudumu lenye miiba, na gurudumu ni la Katarina wa Aleksandria, shahidi wa karne ya 4, huyu wa Siena kazaliwa 1347 huko Italia! Ndani wanasema alikuwa sista wa monasteri wakati alikuwa mlei wa utawa wa tatu wa Wadominiko, aliishi nyumbani kwao na kuhudumia wagonjwa mtaani. Hilo kwangu sio dogo, maana mabinti wetu wanatakiwa wasikie kwamba mlei wa miaka 29 alifunga safari mpaka Avignon 1376 kumsihi Papa Gregori wa 11 arudi Roma, wakati mapapa walikuwa wanakaa Avignon tangu 1309, na Januari 1377 Papa akaingia Roma kweli. Kijitabu kimelipa nusu ukurasa tu. Na pini mbili zilizobana zimelegea, kurasa za katikati zikachomoka mkononi.

Huduma dukani sina neno, dada wa kaunta anakuacha ufungue usome kabla hujalipa, nikamwonyesha ile kava, akanibadilishia bila kununa nikachukua Elizabeti wa pili, akasema atawaambia wanaowaletea mzigo. Lipa namba ipo. Msiende Jumapili baada ya misa, panajaa rozari na mishumaa inagombaniwa hata vitabu huvioni.

Cha Klara wa Asizi hawana kabisa. Nimekiulizia, mkipita na nyie ulizeni ili waone wanaokitaka tupo wengi.