TAHADHARI: SMS za bei ya kutupa mtandaoni, ripoti inasema "imefika" na hakuna kilichofika

Ndugu zangu mnaotuma meseji nyingi kwa pamoja kupitia intaneti, iwe ni kuwakumbusha wanachama mkutano, wagonjwa tarehe ya kliniki au wateja kwamba mzigo umeingia: kuna wauzaji wanazunguka na vifurushi vya SMS kwa bei ya chini mno. Mmoja wao amekula hela yangu kwa mtindo ambao nataka kila mtu aujue kabla hajaingiza salio. Simtaji jina kwa sababu halitawasaidia. Wakishachafuka wanabadilisha tovuti, nembo na namba ya WhatsApp ndani ya muda mfupi, kisha wanaanza upya. Kisichobadilika ni mchezo wenyewe.

Ofa yao ni hii: bei chini ya robo ya wanayotoza wengine, mitandao yote, nchi zote, jina lolote la mtumaji utakalo, salio lisiloisha muda. Unapewa meseji chache za majaribio bure, na hizo zinafika kweli, tena haraka, kwa sababu wanazipitisha njia ya halali ili ushawishike. Ukishalipia kifurushi kikubwa, mambo yanageuka.

Kilichonifungua macho ni laini moja ya zamani niliyokuwa nimeichanganya kwenye orodha. Laini yenyewe haikuwa ndani ya simu yoyote. Ilikuwa juu ya meza, pembeni ya kompyuta, naiona kwa macho yangu. Nilibonyeza tuma, na kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya, dashibodi (ule ukurasa wa muuzaji wa kutumia meseji na kuonyesha ripoti) ikaandika kwa kijani mbele ya namba ile: imefika, pamoja na saa, dakika na sekunde. Nikashuka chini ya orodha. Mamia ya namba, za mitandao tofauti, zote zimepokea kwenye sekunde ileile. Nikatuma nyingine kwenda namba yenye tarakimu pungufu, ambayo hakuna mtandao duniani unaoweza kuwa umemgawia mtu. Hiyo nayo ilifika! Nilipowapigia watu waliokuwa kwenye orodha, wachache ndio waliokuwa na meseji, na wengi hawakuona kitu.

Sasa elewa kwa nini hilo ni ushahidi tosha. Meseji ikitoka kwa muuzaji husafiri hadi kituo cha meseji, na mtambo wa simu ndio unaojaribu kuifikisha kwa mpokeaji. Simu ikiwa imezimwa, meseji inahifadhiwa na kujaribiwa tena, mara nyingi kwa siku moja hadi tatu, kisha inatupwa. Simu ikiipokea, simu yenyewe inarudisha jibu, na jibu hilo ndilo linalozaa ripoti ya kufika. Kwa hiyo "imetumwa", "imekubaliwa na mtandao" na "imefika" ni mambo matatu tofauti, na lile la tatu haliwezi kutokea kwa laini iliyolala juu ya meza. Wanaounganisha programu zao kwa itifaki ya SMPP, yaani kanuni ambazo mitambo hutumia kupelekeana meseji, wanalijua neno DELIVRD (imefika), linaandikwa hivyohivyo limekatwa. Lakini neno hilo ni maandishi tu. Muuzaji mwenye mtambo wake anaweza kuliandika mwenyewe bila meseji kutoka mlangoni kwake, na wewe uliye upande wa pili wa dashibodi huna namna ya kutofautisha kwa kuangalia.

Na kwa nini afanye hivyo? Fuata hela. Mtandao wa simu unaopokea meseji kutoka nje yake unatoza ada kwa kila meseji inayoingia. Muuzaji halali analipa ada hiyo, anaongeza faida yake, ndiyo bei anayokuuzia. Anayenunua nyingi hupunguziwa, sawa, lakini hakuna anayeuza chini ya ada ya mtandao wenyewe na akabaki na biashara. Ukiona bei imezama chini ya hapo, basi meseji zako hazitumwi zote, au zinapita uchochoroni, au zinatumwa kwa akaunti ya mtu mwingine.

Uchochoroni maana yake ni mashamba ya laini: mashine zilizopachikwa laini za kawaida kwa mamia, zikituma meseji zako kama vile ni mtu binafsi anamwandikia rafiki yake. Utazitambua kwa sababu mpokeaji anaona namba asiyoijua badala ya jina lako, na kesho anaona namba nyingine. Mitandao ikizigundua inazifunga, na meseji zilizokuwa njiani zinapotea. Lakini ubaya wake si kupotea tu. Mashine hizohizo ndizo zinazotumiwa na wahalifu. Septemba 2025 kikosi cha Secret Service cha Marekani kilitangaza kunasa mitambo kama hiyo maeneo ya New York, zaidi ya seva 300 na laini 100,000. Mwezi uliofuata Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, nayo ikatangaza msako uliofanyika Latvia, ambako zilikamatwa mashine zipatazo 1,200 zikiwa na laini 40,000, na mtandao ule ulikuwa ukihudumia utapeli wa kila aina. Hebu fikiria orodha ya wagonjwa wako imekabidhiwa kwa watu wa namna hiyo.

Akaunti ya mtu mwingine nayo iko hivi. Watengenezaji programu huacha funguo za huduma zao za SMS (maneno ya siri yanayofungua akaunti) ndani ya msimbo wa programu walioweka hadharani, na kuna roboti zinazopekua msimbo huo usiku na mchana kutafuta funguo. Mwizi akizipata anauza meseji kwa bei yoyote, maana bili inakwenda kwa mwenye akaunti. Meseji zako zitafika vizuri kabisa kwa siku kadhaa. Mwenye mali akishtuka anazima funguo, na salio lako linazimika nalo. Ukienda kudai, utamdai nani? Na kama wewe ndiye mwenye funguo, ziondoe kwenye msimbo leo, na uweke kikomo cha matumizi kwa siku.

Nirudi kwa huyu wangu, maana hatua iliyofuata wengi wenu mtaikuta. Nilipompelekea picha za skrini, kwanza alisema mtandao una msongamano, nisubiri saa 24. Baadaye akasema tatizo ni jina la mtumaji, halijasajiliwa, nilipie usajili. Hapo ndipo watu wanapopigwa mara ya pili. Jina la mtumaji, lile la herufi na tarakimu zisizozidi 11 linaloonekana badala ya namba, ni kweli linahitaji usajili katika nchi nyingi. Singapore kwa mfano, tangu 31 Januari 2023, meseji yenye jina lisilosajiliwa inamfikia mpokeaji ikiwa na alama ya kwamba huenda ni utapeli. Lakini usajili wa kweli una fomu, una nyaraka za taasisi yako, una barua ya idhini, na unachukua siku. Anayekuambia lipa sasa hivi, jina litakuwa hewani baada ya nusu saa, na hajakuuliza wewe ni nani, anauza hewa. Mtu huyohuyo aliyeahidi jina lolote utakalo atamuuzia mwingine jina la benki, au jina la kikundi chako. Nilikataa kulipa, nikaomba salio lililobaki lirudishwe. Akanizuia, na dashibodi ikagoma kufunguka.

Kuna wizi mwingine wa kimyakimya, unaofanyika hata pale meseji zinapofika: kuhesabu. SMS moja ina nafasi ya herufi 160 za kawaida. Ukizidisha hata moja, inakatwa vipande, na kila kipande kinabeba 153 tu kwa sababu nafasi kidogo inatumika kuviunganisha tena kwenye simu ya mpokeaji. Meseji ya herufi 161 ni SMS mbili, hilo ni halali. Lakini ukiweka alama moja tu iliyo nje ya herufi za kawaida, emoji kwa mfano, meseji nzima inabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande. Sisi tunaoandika Kiswahili tunanaswa na kitu kidogo sana: kile kibainishi (') katika ng'ombe, ng'ambo au ng'oa. Ukiandika kwenye programu ya kuhariri maandishi, au kwenye kibodi ya simu inayojirekebisha, kibainishi kilichonyooka kinageuzwa kuwa kilichopinda. Kilichonyooka kimo kwenye herufi za kawaida, kilichopinda hakimo. Meseji yako ya herufi 150, uliyoihesabu kuwa SMS moja, inakatwa salio la SMS tatu. Muuzaji mwema anakuonya kabla hujabonyeza tuma, au mtambo wake unakinyoosha wenyewe. Mbaya anakaa kimya, na ile bei ya robo aliyokutangazia inakuwa si robo tena.

Tovuti za "tuma SMS bure bila kujisajili" sitazisemea sana. Anayetuma bure analipiwa na kitu fulani, na kwa kawaida kitu hicho ni namba mnazoziandika pale, yako na ya mpokeaji. Zile njia za zamani za kutuma barua pepe ikageuka SMS nazo zinafungwa moja baada ya nyingine; AT&T ya Marekani iliifunga ya kwake tarehe 17 Juni 2025. Ukiuziwa programu inayosema inatumia njia hiyo kwa mtandao huo, umeuziwa kitu kilichokufa.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni orodha. Kila meseji unayoituma inaonekana kwa anayeituma kwa niaba yako, neno kwa neno, pamoja na namba ya mpokeaji na mara nyingi jina lake. Kwa hiyo namba za siri za kuthibitisha akaunti usizipitishe kabisa kwa muuzaji wa uchochoroni. Akizisoma kabla ya mteja wako, ameingia kwenye akaunti ya mteja wako. Na orodha yenye majina inauzika. Miongoni mwa watu wangu wapo walioanza kupokea meseji za "tuma kwa namba hii" wiki chache baada ya mimi kupakia orodha pale.

Ukitaka kumpima muuzaji, fanya hivi kabla ya kununua kingi. Tafuta simu za mitandao kadhaa, nyingine iache imezimwa, na uchanganye na namba moja isiyowezekana. Lipia kifurushi kidogo kuliko vyote, usitegemee zile za majaribio, maana zile ni chambo. Simu iliyozimwa ikiandikiwa "imefika", acha hapohapo. Isipoandikiwa, iwashe baada ya saa moja uone kama meseji inaingia na ripoti inabadilika baada ya kuingia, si kabla. Rudia kipimo baada ya wiki, na urudie tena siku unayotuma orodha kubwa, kwa kuchomeka namba hizo katikati ya orodha. Muuzaji akilalamika kwamba unampima, umeshapata jibu. Muulize pia ameunganishwa moja kwa moja na mtandao gani na ananunua kwa nani mitandao mingine. Wa kweli hana haya ya kujibu, na anakupa ankara yenye jina la kampuni linalofanana na jina la akaunti unayolipia. Kulipa kwa sarafu za kidijitali, au kwa namba binafsi ya mtu, usikubali.

Gharama zinapungua kwa njia nyingine, tena kwa uhakika zaidi ya kubadilisha wauzaji. Ondoa namba zilizokufa kwenye orodha. Andika kwa herufi za kawaida, nyoosha vibainishi, kata salamu ndefu hadi meseji ikae ndani ya 160. Wenye intaneti wapelekee kwa barua pepe au kundi la WhatsApp, SMS ibaki kwa wasio nayo na kwa jambo la dharura. Na kama unatuma nyingi kila mwezi, uliza bei kwenye mtandao wa simu wenyewe kabla ya kwenda kwa dalali.

Kama tayari umeingia kwa mmoja wa hawa, pakua ripoti zako zote leo wakati dashibodi bado inafunguka, kwa sababu ndizo utakazopeleka polisi, kwa mamlaka ya mawasiliano na kwa benki au huduma uliyotumia kulipa. Badilisha nywila kama uliitumia pale na mahali pengine. Kisha watumie watu wako meseji kwa njia nyingine, fupi tu, useme namba zao zimefika kwa watu wasioaminika, kwamba wewe huombi hela wala namba za siri kwa SMS, na wakipokea ombi kama hilo kwa jina lako wakupigie kwa namba waliyonayo siku zote, wasiipigie ile iliyo ndani ya meseji.