Fit Me Matte + Poreless na makovu ya chunusi: doa inaliweza, shimo hailiwezi

Kabla ya kutoa hela ya fandesheni hii, simama kando ya dirisha na kioo mkononi, mwanga ukupige ubavuni, kisha pitisha kidole shavuni. Kikiteleza bila kukwama, ulichonacho ni madoa: chunusi imepona, imeacha weusi. Kikidumbukia, hayo ni mashimo. Wengi wana vyote viwili, na hapo ndipo fandesheni hulaumiwa bure. Shimo huonekana kwa sababu ya kivuli chake, wala si rangi. Upake tabaka tano, kivuli kiko palepale.

Maybelline Fit Me Matte + Poreless (mililita 30) ni fandesheni ya majimaji kwa ngozi ya kawaida hadi ya mafuta, na ikikauka haing'ai. Kwa mwenye makovu, kutong'aa huko ndiyo sifa yake kubwa, maana mng'ao huchora ukingo wa kila shimo. Soma jina lote kwenye chupa kabla ya kulipa: pacha wake, Dewy + Smooth, huwekwa rafu hiyohiyo, na kazi yake ni kung'arisha.

Ufunikaji wake ni wa wastani. Doa jepesi hupotea kwa tabaka moja. Doa jeusi la siku nyingi hujitokeza tena juu ya fandesheni, na safari hii linakuja na ujivujivu. Hapo watu hukimbilia rangi nyeupe kuliko ngozi yao, na jivu linazidi. Dawa yake ni rangi ya chungwa chini ya fandesheni, kwa sababu doa la namna hiyo lina ubluu kwa ndani na chungwa huuzima. L.A. Girl HD Pro Conceal ya chungwa (GC990), tyubu ndogo ya gramu 8 yenye brashi mdomoni, inatosha kabisa. Hiyo ni kwa ngozi nyeusi. Aliye maji ya kunde achukue ya pichi, la sivyo chungwa litachungulia juu.

Osha uso, paka losheni nyepesi, kisha losheni ya kukinga jua (jua hukoleza madoa), usubiri dakika 10. Chukua chungwa kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Hicho kinatosha madoa matatu au manne. Gusa doa lenyewe tu kwa brashi nyembamba. Ukivuka mpaka, utaamka na mashavu ya nyanya. Gongagonga kingo kwa kidole cha pete, uache dakika moja ishike. Sasa fandesheni, kiasi cha punje ya kunde kila shavu. Sponji iloweshwe na kukamuliwa hadi isidondoshe, halafu bonyeza. Usisugue: ukisugua unalikokota chungwa lote uliloliweka na doa linabaki uchi.

Kwenye mashimo, bonyeza praima ya silikoni (krimu ya kulainisha uso wa ngozi) kidogo kabla ya fandesheni. Itasawazisha kiasi, haitaziba. Ikizidi, fandesheni huviringika usoni kama makombo ya kifutio, na hakuna njia ila kunawa uanze upya. Poda nayo ibonyezwe, tena chache. Ikiwa nyingi hujikusanya mashimoni baada ya saa chache na kuacha vidoti vyeupe.

Kuhusu namba ya rangi, mgongo wa mkono ni shahidi wa uongo. Jaribu kwenye taya kushuka shingoni, toka nje ya duka, subiri dakika 15, kwa kuwa fandesheni nyingi hukolea zikikauka. 330 Toffee, 355 Coconut na 360 Mocha zijaribiwe pamoja, mistari mitatu sambamba. Inayopotea ndiyo yako. Aliyetumia mkorogo, uso ukawa mweupe kuliko shingo, afuate shingo.

Kasoro? Chupa isiyo na pampu humwaga nyingi kuliko unavyotaka. Gusisha mdomo wake kwenye kijiko badala ya kumiminia kiganjani. Kwenye joto la Dar au Mombasa, pua na paji huanza kung'aa kabla ya jioni. Kausha jasho kwa tishu kwanza, ndipo upake poda. Ukipaka poda juu ya jasho unakanda unga. Feki nazo zipo: maandishi yaliyofifia, namba ya toleo isiyokuwepo, bei ya kushangaza. Iache.

Fandesheni mbadala, Fenty Beauty Pro Filt'r (mililita 32), iliyotoka 2017 na rangi 40 na kuingia rasmi Kenya 2022, hufunika zaidi na ina chaguo pana kwa ngozi nyeusi tii. Lakini hukauka haraka, hivyo maliza shavu moja kabla ya kugusa la pili, na bei ni mara kadhaa ya Fit Me. Fandesheni ya stiki ya Black Opal ni nzuri kwa kuziba doa mojamoja. Ichote kwa brashi, usiiburute juu ya chunusi mbichi, utabeba usaha kutoka shavu hadi shavu.

Kwa madoa, nunua Fit Me na tyubu ya chungwa, hela inayobaki iweke. Kwa mashimo yaliyochimbika, ipeleke kwa daktari wa ngozi.