Kamusi ya Oxford ya juzuu 20 kwenye mizani ya neno "run"

Kamusi ya Kiingereza haipimwi kwa maneno magumu. Hayo mara nyingi yana maana moja, na kamusi yoyote itayapatia. Ipime kwa "run", kaneno ka herufi 3 kanakoziumbua nyingi. (Anayeshangaa ajaribu kuieleza "piga": pasi, simu, magoti, mswaki, chenga.)

Katika Oxford English Dictionary ya 1989, ndiyo hiyo ya juzuu 20, "set" ndilo lililokula kurasa nyingi zaidi. Kitenzi peke yake kilipewa maana zipatazo 430. Baadaye wahariri walipoipitia upya kamusi hiyo, "run" ikaipiku kwa maana 645. Kwa wingi, hapo hakuna ubishi.

Shida ni mpangilio. Maana zimefuata historia, kongwe kwanza, kwa hiyo anayechukua ya juu kabisa na kufunga anaweza kuokota matumizi yaliyokwisha kufa. Tazama alama ya † na mwaka wa mfano wa mwisho: ukiishia karne ya 17, pita. Nomino nayo ina ingizo lake. "A run on the bank", yaani watu kumiminika benki kutoa pesa zao, usiitafute kwenye kitenzi.

Kwa tafsiri ya kila siku, kamusi ya wanaojifunza Kiingereza inafaa zaidi. Hutanguliza maana zinazotumika sana na huonyesha kama kitenzi kinabeba yambwa, yaani kinachotendwa. Hilo si jambo dogo: "she ran to the office" ni alikimbilia ofisini, ondoa "to", anakuwa aliiendesha hiyo ofisi. Kamusi ndogo za mfukoni hurundika "kimbia, endesha, gombea, tiririka" kwa mkato, kisha zinakuachia msalaba wako. Ndiyo maana "the colours ran" hutafsiriwa rangi zilikimbia, wakati nguo imechuja tu.

Ukinunua yoyote, fungua kwanza "run up". "Run up a hill" ni kupanda kilima mbio. "Run up a bill" ni kulimbikiza deni. Neno "bill", au "it" inayolisimamia, unaweza kulihamishia katikati, "run it up", lakini "hill" halihamishiki hivyo. Kamusi nzuri huonyesha wapi "it" inakaa. Isiyoonyesha, irudishe rafuni.